Mwamuzi Mwenye Kilio

Vijana wa biro, ofisi yetu ya waamuzi, wameniomba niwaandikie kazi ya uamuzi ilivyokuwa miaka ile ya sitini, nilipoianza. Nimekubali kwa sababu sasa nina nafasi, na kwa sababu Mama Sifa, mke wangu, amechoka kuyasikia mezani. Nilisoma shule ya msingi kwa mapadri, kisha nikafundishwa kupiga mashine ya kuandika. Atakayetafuta hapa maneno makubwa ya sheria hatayapata, maana hata mimi sikuyapata. Vyeo na mishahara nitaviruka. Mishahara ya miaka ile yenyewe ilikuwa inaturuka.

Nieleze kwanza kazi, kwa kuwa hata ndugu zangu wa Karuba wamezeeka wakidhani mimi ni hakimu. Hakimu anatumwa na serikali, na ukimkataa unaongeza kosa. Mwamuzi anachaguliwa na wagomvi wenyewe. Huyu anachagua wake, yule anachagua wake, na wale wawili wanamtafuta wa tatu, asiye na ndugu upande wowote, awe mkubwa wa baraza. Pande zote zinakubali mapema kwamba neno la hao watatu litafuatwa. Mwamuzi hana polisi wala gereza. Siku watu wanapoacha kumkubali, anabaki mtu aliyekalia kiti.

Baada ya uhuru wa Kongo kazi hiyo ilikuwa nyingi. Tribinali, mahakama za serikali, zilikuwa na milango, ila mara nyingi ndani hamkuwa na mtu. Wazungu wenye mashamba makubwa ya Masisi na machimbo ya Walikale walikuwa na karatasi zilizotiwa sahihi Ulaya. Watu wa milima walikuwa na mipaka ya miti na mifereji, iliyowekwa na babu zao. Barabara ilifungwa leo, ikafunguliwa kesho, ikafungwa tena mchana. Mtu ambaye maharagi yake yanaliwa na ng'ombe wa konsesyo, ardhi waliyopewa wageni na serikali, hangeweza kumngoja hakimu atoke Bukavu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Walikale, mbali ndani ya msitu. Nilikwenda kama karani, na mashine yangu ilibebwa kichwani ndani ya sanduku la sabuni. Ilikuwa na ugonjwa wa herufi m. Ukiigonga taratibu haitoki, ukiigonga kwa nguvu inatoboa karatasi. Katika lugha yetu, bila m huendi mbali. Ripoti zangu za mwanzo zote zina matundu kama kichungi.

Aliyenichukua ni Papa Atanazi, zamani karani wa tribinali ya Wabelgiji, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Alisema mvua ya kwetu haipigi hodi. Ndiye aliyenifundisha karibu kila kitu ninachokijua, na nyinyi mliokuja kumzika mlimjua akiwa mzee tu, amekaa kwenye baraza ya nyumba yake akiuliza bei ya chumvi.

Kesi ilikuwa ya mashemeji wawili waliowinda kwa nyavu. Walikuwa wameunga wavu wa huyu na wavu wa yule, na mnyama akaanguka penye fundo. Nyama ilikuwa imekwisha kuliwa zamani, lakini tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikuombana hata moto. Nilitegemea Papa Atanazi aanze kwa kuuliza habari za mnyama. Hakuuliza. Aliwapanga wakae upande mmoja wa uwanja, bega kwa bega, wote wakitazama nyavu zilizotundikwa mbele yao. Halafu akasimama.

"Mbele ya kuanza, miye nasema yangu," alisema. "Shangazi ya huyu Papa alinipikiaka kuku wakati nilipita hapa na tribinali. Niliikula yote. Kama muntu anaona ile kuku itasema ndani ya tumbo yangu, aseme sasa."

Shemeji wa pili alifikiri. "Ilikuwa na mafuta?"

"Ilikuwa nayo. Na pilipili."

"Basi tunakukatala kidogo tu. Ukae. Lakini leo utakula kwetu, kusudi zikuwe sawa."

Watu walicheka, na mimi nikaona kwamba nusu ya kazi imekwisha kabla sijagonga herufi moja. Mwisho wake waliamuliwa kwamba kila wanapowinda tena, fundo la kuunga nyavu litafungwa na mikono ya wote wawili kwa pamoja. Kuku wa pili alikuwa mgumu. Papa Atanazi alimla wote vilevile, kwa ajili ya haki.

Njiani kurudi nilimwuliza kwa nini alimtaja kuku wa zamani ambaye hakuna aliyemkumbuka. Akaniambia, "Wakiisikia kwangu, ni habari. Wakiisikia kwa mwingine, ni kesi." Tangu hapo, katika kila baraza, kila mwamuzi alisema yake kabla ya kukaa: undugu, ubatizo, ng'ombe aliyemkopesha mtu, ugomvi wa zamani wa wake zao. Mkubwa mmoja wa machimbo alituambia kwamba kwao Ulaya mambo hayo yanaandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa posta. Papa Atanazi akajibu kwamba karatasi haina uso.

Nilifanya kazi ya mashine kwa misimu mingi. Nilijifunza kutembea na kiti cha kukunja, maana mwamuzi anayekaa kwenye kiti cha upande mmoja amekwisha kukaa upande mmoja. Nilijifunza kutafsiri matusi kama yalivyo. Mwanzoni niliyapunguza, na Papa Atanazi, aliyejua Kifaransa kuliko mimi, alikuwa ananirudisha mbele ya watu: "Hapana, Bonifasi. Alisema mavi. Useme mavi." Mtu akijua tusi lake limefika, mara nyingi hana haja ya kulirudia. Namna nilivyotoka kwenye mashine na kupewa kiti haina hadithi. Papa Atanazi aliugua miguu, watu wa kilima fulani walihitaji mwamuzi, na mimi nilikuwa nimesimama pale.

Sasa nifike Kabumbiro, kwa sababu ndiyo kesi mnayoniuliza kila mara, na kwa sababu inasimuliwa vibaya.

Kabumbiro ni kilima juu ya Nyabiondo. Kampani moja ya wageni ilikuwa imepewa konsesyo hapo tangu kabla ya uhuru, na watu wakateremshwa chini, wakajenga upya karibu na mto. Watu waliteremka, ila wafu wao walibaki juu. Kila kiangazi walipanda kung'oa majani makaburini, na kampani iliwaacha, kwa kuwa ilikuwa inafuga ng'ombe tu. Kisha akaja direkta mpya aliyetaka kulima piretre, yale maua meupe ya kutengenezea dawa ya wadudu. Maua hayo yanataka udongo uliolimwa, na direkta alikuwa na trakta. Siku trakta ilipopanda, watu wa kilima wote walikwenda kukaa chini mbele yake. Dereva alizima injini, akashuka, akakaa nao. Shangazi yake naye alizikwa pale.

Wakakubaliana kuamuliwa kabla ya mvua. Kampani ilimchagua Papa Atanazi. Watu wa kilima walinichagua mimi. Sisi wawili tulimtafuta Metre Lucien awe mkubwa, mwanasheria kutoka Uswisi aliyekuwa akiamua magomvi ya mataifa na makampani, mtu mpole mwenye viatu visivyofaa kabisa kwa milima. Metre ndivyo tulivyowaita wanasheria wote. Hakujua Kiswahili.

Msemaji wa kilima alikuwa Papa Bauma, mkulima wa mihogo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nyuma yake alikaa Mama Mapendo, mjane wa mdogo wake. Mume wa Mama Mapendo na watoto wake wawili walizikwa upande wa chini wa kilima, kwenye tambarare, karibu na barabara. Ndiyo sehemu ambayo trakta iliitaka kuliko zote. Makaburi ya juu, kwenye mteremko mkali, hayakuwa na hatari sana, kwa maana trakta yenyewe ingeanguka. Kwa hiyo kila mtu alijua tangu mwanzo kwamba kesi ya Kabumbiro ni tambarare ile, na kwa Mama Mapendo tambarare ile ilikuwa makaburi matatu.

Mimi nilikuwa na jambo la kusema kabla ya kukaa. Muda mfupi kabla ya hapo mtoto wetu wa kiume alishikwa na surua. Tulimbeba mpaka hospitali ya Kirotshe, na akafia huko. Tulimpandisha tena mlimani, tukamzika Karuba, nyuma ya nyumba. Milima yetu ina mila yake: aliyefiwa na mtoto hanyoi nywele mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo baba na mama wananyolewa pamoja, wanaoga mtoni pamoja, na kilio kinakwisha. Kabla ya hapo hakai kwenye baraza la kukata neno. Mimi nilikuwa sijanyolewa. Barabara ilikuwa imefungwa na habari hazikufika Nyabiondo, na nywele zangu waliziona kama uvivu wa mtu wa safari.

Ningeweza kunyamaza. Sikufikiria sana, kusema kweli. Kusema yako kabla ya kukaa kulikuwa mazoea tu, kama kufuta viatu mlangoni. Nilisimama nikasema: "Miye Bonifasi, mbele ya kuanza, nasema yangu. Sina ndugu hapa, sina deni hapa. Lakini niko na kilio. Nimezika mutoto, na sijanyolewa bado."

Papa Bauma aliangalia chini. Watu wote nyuma yake waliangalia chini.

Nilimtafsiria Metre Lucien na direkta. Direkta alivua kofia yake, akasema nipokee pole yake, na kwamba kampani haina neno juu yangu. Metre alisema kwa sheria anayoijua yeye, msiba si sababu ya kumkataa mwamuzi. Nikayatafsiri hayo pia, na ikawa kama natafsiri mambo ya kujitetea.

"Pole sana, Papa," Papa Bauma akasema. "Pole kabisa. Lakini hauwezi kukaa."

"Nyinyi njo mulinichagua."

"Tulikuchagua hatujajua. Sikia. Muntu mwenye kilio akikata neno, kilio yake inaingia ndani ya neno. Hata tukishinda, mwaka kesho watasema Kabumbiro iliamuliwa na mufu. Watoto yetu watarudia kesi upya."

"Na nikitoka, mutabaki na nani?"

"Hiyo pia tunaijua," akasema. "Hatukukatali kwa furaha."

Metre Lucien aliniuliza kama amesikia sawa, kwamba upande ulionichagua ndio unaonikataa na upande wa pili ndio unaonitaka. Nikamwambia amesikia sawa. Akaandika kitu, akakikata, akaangalia viatu vyake.

Papa Atanazi alinivuta pembeni. Sasa yeye alikuwa mwamuzi wa upande wa pili, kwa hiyo hakutakiwa kuniambia chochote cha kesi, na hakuniambia. Alisema tu, "Umefanya sawa. Itakuuma." Halafu akamwomba Metre asimamishe baraza kidogo, nipate kwenda kwangu. Kama ningenyolewa na kuoga, ningerudi kukaa. Papa Bauma alikubali. Alinisindikiza mpaka njiani na kunipa mihogo ya kuchoma ya safari, akaniambia, "Nenda, muzee. Ukuje na kichwa safi." Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Nadhani hakujua aniite nini siku hiyo.

Nilimkuta Mama Sifa uani, anachambua maharagi ya mbegu kwenye ungo. Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikamwambia yote kwa mpango, kama ninavyowaambia wagomvi. Hakuacha kuchambua.

"Walikutuma unyolewe?"

"Hawakunituma. Walisema nikinyolewa, nitakaa."

"Na miye?"

"Lazima tuende mutoni sisi wawili. Unajua."

"Juu ya shamba ya muzungu?"

"Juu ya makaburi ya batu. Iko mama mumoja kule, bwana yake na batoto yake wawili, trakta itapita juu yao."

Alitoa jiwe dogo kwenye maharagi, akalitupa. "Na mutoto yangu, trakta yake iko wapi? Inapita wapi? Hapa nyuma ya nyumba, kila asubuhi, juu ya hii mikono yangu. Papa Sifa, miye sijamaliza. Kama unataka kunyolewa, nyolewa peke yako. Usinipeleke mutoni na nguvu."

"Sikupeleki na nguvu."

"Basi ukule. Sombe iko ndani."

Niliingia nikala ile sombe, mboga ya majani ya mihogo. Ningeweza kuwaita shangazi zangu waje kumsemesha, na wangekuja, na pengine angekubali. Kazi yangu yote imekuwa kuwafanya watu wakubali. Nimeiona sura ya mtu aliyekubali kwa kuchoka, na sikutaka kuiona kwake. Siku ya kunyolewa aliitaja mwenyewe, baada ya mavuno, bila mtu kumwuliza. Wakati huo Kabumbiro ilikuwa imekwisha.

Nilirudi Nyabiondo na nywele zangu. Nilisimama mbele ya baraza, nikasema matanga hayajaondoka na kwamba natoka kwenye kiti. Papa Bauma na watu wake waliteta pembeni, wakamchagua mwalimu mmoja mzee wa Nyabiondo, mtu mwema aliyeheshimiwa, ambaye hakuwahi kuamua kitu kikubwa kuliko mbuzi. Halafu likaja swali la nani atamtafsiria Metre.

"Kinywa iko sawa," Papa Bauma akasema. "Maneno inapita tu. Haikai."

Kwa hiyo nilikaa pembeni ya kiti nilichokiacha, na maneno yakapita. Direkta alisema karatasi ya konsesyo inasema ardhi isiyo na watu. Papa Bauma alijibu kwamba ni kweli haikuwa na watu siku ile ilipoandikwa, kwa sababu walikuwa wamefukuzwa siku iliyotangulia. Direkta alisema hajaja Kongo kufukua watu, amekuja kulima, na asipolima upande wa chini, shamba lote halifai na wafanyakazi wake watarudi kwao. Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa watoto wa kilima kilekile, wamekaa nyuma ya Papa Bauma, na hawakujua wacheke au walie. Papa Atanazi aliuliza maswali mazuri kwa pande zote. Mwalimu mzee aliomba kilima kizima kirudishwe, chote, mpaka kwenye mto. Metre alimwuliza mara kadhaa kama kuna kidogo anachoweza kukubali. Alijibu kwamba haki haina kidogo. Nilimtafsiri sawasawa. Kichwani nilisikia namna ambavyo mimi ningesema: tuachieni tambarare, nyinyi chukueni ukingo wa magharibi. Sikulisema. Halikuwa la kinywa.

Mama Mapendo aliitwa mara moja. Direkta mwenyewe aliomba kumwuliza swali, na aliuliza kwa adabu: kama kampani ingetoa watu na mbao, angekubali wafu wake wahamishwe juu?

"Papa direkta," akasema, "wewe unaweza kuhama na kitanda yako. Muntu hahami na nyumba ya wengine. Miye nilibalaza pale. Nilibapigia magoti pale. Unaniuliza kama napenda?"

"Ndiyo, nakuuliza."

"Sipendi."

Akarudi kukaa.

Neno lilikatwa wawili kwa mmoja. Makaburi ya juu yatazungushiwa uzio, na njia ya kuyafikia itakuwa wazi daima, hata konsesyo ikiuzwa. Tambarare itabaki kwa kampani. Familia zenye wafu huko zitapewa nafasi ya kuwahamisha kabla ya kulima, na trakta haitapanda mpaka ya mwisho imemaliza. Papa Atanazi alikuwa mmoja wa wale wawili. Hakuniomba radhi na mimi sikuitaka. Aliona hivyo.

Vijana mnaniuliza: kama ungekaa, ingekuwa vingine? Sijui. Kura zingekuwa zilezile, isipokuwa ningemgeuza Papa Atanazi, na mara nilizojaribu kumgeuza zamani sikuwa nimeshinda hata mara moja. Ila najua pia kwamba hakuna aliyeirudia kesi ile. Kampani iliondoka, wakaja wengine wenye ng'ombe, wakaja wengine tena, na uzio wa juu ulijengwa upya kila mara bila ugomvi. Hakuna aliyesema Kabumbiro iliamuliwa na mfu. Kama mnataka funzo, chagueni kati ya hayo mawili. Mimi nimeshindwa kuchagua.

Ilinipasa kulisoma neno kwa Kiswahili mbele ya watu. Nilipofika penye tambarare, Mama Mapendo aliinua mkono.

"Hiyo maneno ni yako ao ni yao?"

"Ni yao, Mama. Miye napitisha tu."

"Basi uipitishe tena. Polepole."

Nililisoma tena, polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa njia asiyoipenda lakini ameielewa.

Nilikuwa nakunja kiti changu nilipomwona amesimama mbele yangu pamoja na Papa Bauma. Papa Bauma ndiye aliyesema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Kwao, alisema, mtu aliyekwisha kunyolewa hashiki mifupa. Anayefungua kaburi lazima awe na kilio bado, ili wafu wasione wanaguswa na mtu aliyewasahau. Katika nyumba yao wote walikuwa wamenyolewa miaka mingi. Walikuwa wameulizia Nyabiondo yote, na nyumba iliyokuwa na matanga ilikuwa ya watu wasioelewana nao.

"Tulikukatala kwenye kiti," akasema. "Sasa tunakuja kukuomba. Unaweza kutucheka."

"Siwezi kucheka," nikamwambia. "Niko na kilio."

Mama Mapendo alitabasamu kidogo, mara moja tu.

Tulipanda asubuhi. Papa Bauma alichimba mpaka karibu, kisha akatoka na kunipa nafasi. Nilianza na watoto, kama mama yao alivyotaka, halafu baba. Sitaeleza zaidi ya kwamba ni kazi ya mikono, si ya jembe, na kwamba mtu anakuwa mwepesi sana. Niliwaweka kila mmoja kwenye mkeka wake mpya. Mawingu yalikuja. Direkta, aliyekuwa amesimama barabarani mbali na trakta yake, alimtuma mtu alete turubai, na tukalipokea. Mvua ilinyesha juu yake, haikutugusa. Papa Atanazi naye alikuja, na miguu yake mibovu. Alisimama nje ya turubai ndani ya koti lake mpaka tulipomaliza.

Juu, kwenye mteremko, mashimo yalikuwa tayari. Niliwashusha kwa mpango uleule. Mama Mapendo alijaza udongo wa kwanza kwa mikono, kila shimo, na kila alipotia udongo alimwita aliye ndani kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwita mtu aje kula.

Alipomaliza alipiga mikono yake kutoa udongo, akanigeukia. Kwenye baraza walikuwa wamenipa pole, direkta alivua kofia, Metre aliandika, Papa Bauma alinipa mihogo. Walikuwa wamesema juu ya kilio changu mbele ya watu, kwa lugha mbili, na wakakiamua.

"Na wako," Mama Mapendo akauliza, "alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia anaitwa Dezire.